SOMO LETU: KUFUA VITAMBAA VYA TANDIKO LA FARASI NA KUONDOA MADOA



Leo somo letu ni la ndugu zetu masaisi, yaani wanaotunza farasi. Si wengi katika chama chetu, lakini wapo hapa Uganda, na wapo waliovuka mpaka kutafuta kazi hiyo Nairobi, ambako uwanja wa mbio za farasi wa Ngong unajulikana na kila mtu wa kazi hii. Wengine watasema: je, kufua kitambaa ni jambo la kufundishwa? Tunajibu: ndiyo. Kazi yoyote ambayo mtu anaweza kukatwa mshahara kwa ajili yake inafaa kufundishwa.

Tulipata kesi moja katika zizi ambalo hatutalitaja. Mwenzetu kijana alivua tandiko jioni, akaona doa dogo la damu kwenye kitambaa. Akaogopa kugombezwa. Akachota maji ya moto, akatia dawa ya kung'arisha nguo, akasugua mpaka kitambaa kikasinyaa. Doa halikutoka, likageuka rangi ya kahawia. Hakumwambia mtu. Baada ya siku chache farasi alikuwa na kidonda mgongoni, na kijana akaambiwa alipe dawa ya farasi pamoja na kitambaa. Tulipokaa na uongozi hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba tandiko ndilo lililombana farasi. Dawa ya farasi tuliifuta katika deni lake. Kitambaa alikilipa.

Kwa hiyo somo hili lina mambo manne: kusoma kitambaa, kukijua, kukifua, na kujilinda.

1. SOMA KITAMBAA KABLA YA KUKIFUA

Kitambaa cha tandiko ni kama barua kutoka mgongoni mwa farasi. Ukivua tandiko, kigeuze upande uliogusa ngozi, ukitazame kwenye mwanga.

Kama jasho na uchafu ni sawa pande zote mbili, kushoto na kulia, tandiko limekaa vizuri. Kama upande mmoja umechafuka sana na mwingine ni safi, tandiko limeinama au mpandaji anakaa upande. Kama katikati ya sehemu iliyolowa jasho pana mahali pakavu, usifurahi: mara nyingi tandiko linabana hapo, hata jasho haliwezi kutoka. Nywele nyingi zilizong'oka mahali pamoja ni dalili ya kusuguliwa. Na damu, hata tone moja, ni habari ya siku hiyo hiyo.

Ukiona dalili hizo, fuata utaratibu huu: ona, sema, andika, ndipo ufue. Mwambie msimamizi mbele ya mwenzako mmoja. Andika katika daftari tarehe, jina la farasi, na ulichoona. Hakuna haja ya maneno mengi. "Damu, upande wa kushoto, karibu na mabega" yanatosha. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwenzake.

2. JUA KITAMBAA CHAKO

Vitambaa hivi ni vya aina tatu: pamba, sufu, na nailoni au nyuzi nyingine za kiwandani. Kama karatasi ya maelezo imekwisha kung'oka, chomoa uzi mmoja pembeni, uchome mbali na majani makavu na banda. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha majivu laini. Nailoni huyeyuka na kuwa kitone kigumu.

Pamba huvumilia maji ya moto na kusuguliwa. Sufu haivumilii. Maji ya moto pamoja na kusugua huifanya ishikamane na kusinyaa, na ikisinyaa hairudi tena. Dawa ya kung'arisha yenye klorini huila sufu kabisa. Nailoni hutaka maji ya uvuguvugu, nayo ikae mbali na pasi na moto.

3. KUFUA HATUA KWA HATUA

Kwanza, kausha. Tope bichi likisuguliwa huingia ndani ya nyuzi. Likikauka hutoka kwa burashi. Tundika kitambaa, kipige kwa fimbo, kisha piga burashi kufuata upande wa nyuzi mpaka nywele na vumbi vitoke.

Pili, loweka katika maji baridi bila sabuni kwa muda wa nusu saa. Jasho la farasi lina chumvi nyingi, na chumvi huyeyuka kwa maji matupu. Mkifanya hivyo mtatumia sabuni kidogo zaidi.

Tatu, fua. Pamba na nailoni, tumia sabuni ya unga au ya kipande. Sufu, tumia sabuni laini kama ya kuogea, katika maji baridi au ya uvuguvugu. Ibonyeze tu kwa viganja, usiisugue wala kuisokota. Maji ya kusuuza yawe na joto lile lile la maji ya kufulia.

Nne, suuza, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Sabuni iliyobaki huungana na jasho la kesho yake, ikawasha ngozi ya farasi na kuleta vidonda. Suuza mara tatu au zaidi. Kisha kamua pembe moja kwa mkono: likitoka povu, bado. Yakitoka maji meupe, tayari.

Tano, anika. Pamba ianikwe juani. Sufu ilazwe kivulini penye upepo juu ya wavu au majani safi, maana ikitundikwa imelowa huvutika. Kisitumike kitambaa chenye unyevu, kwa sababu huchubua ngozi. Na kama kina vipande vya ngozi, visilowekwe. Vifutwe kwa kitambaa chepesi.

4. MADOA MOJA MOJA

Damu: maji baridi na chumvi, mara moja, kabla haijakauka. Kamwe usitumie maji ya moto, kwa maana moto huipika damu ndani ya nyuzi kama yai. Hilo ndilo kosa la kijana wetu.

Jasho la zamani lililogeuka manjano: loweka katika maji yenye siki kidogo, suuza, ndipo ufue kwa sabuni.

Mafuta ya tandiko: nyunyizia unga wa chaki au unga wa mahindi, acha usiku kucha unyonye, piga burashi asubuhi, kisha paka sabuni ya kuoshea vyombo.

Majani mabichi: pangusa kwa spiriti, ukijaribu kwanza pembeni kuona kama rangi inatoka. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo mtu asivute sigara karibu.

Kutu ya vifungo: ndimu na chumvi, uanike juani, kisha usuuze sana. Dawa ya kung'arisha huizidisha kutu.

Mkojo na samadi: maji baridi mengi kwanza, mpaka harufu ipungue, ndipo sabuni.

Ukungu: anika juani, piga burashi nje ya banda ukiwa umefunga pua na mdomo, kisha fua.

Doa ambalo halikutoka, liache. Kitambaa chenye doa lakini safi hakimuumizi farasi. Kitambaa cheupe chenye sabuni ndani yake kinamuumiza.

5. HATARI KWA MFANYAKAZI

Ndugu, hapa tusikilizane vizuri. Dawa ya kung'arisha yenye klorini isichanganywe na siki wala ndimu. Hutoka hewa ya sumu inayokaba pumzi. Vile vile isimwagwe juu ya kitambaa chenye mkojo wa farasi, kwa sababu mkojo huo hutoa amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoka sumu nyingine ya kuumiza mapafu. Ukisikia macho na koo vinawaka, usikae kumaliza kazi. Toka nje penye hewa, uwaite wenzako.

Hatari ya pili ni choa. Choa cha farasi hupita kwenye vitambaa na burashi, kikaenda kwa farasi mwingine, hata kwa saisi na watoto wake nyumbani. Kwa hiyo kila farasi awe na kitambaa chake. Cha farasi mgonjwa kitengwe na kifuliwe mwisho. Kikiwa cha pamba kichemshwe. Vaa glavu, na unawe mikono mpaka viwiko. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

6. HAKI ZETU KATIKA KAZI HII

Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga wafanyakazi wanaofanya kazi ya maji na vitu vya kudhuru. Glavu na buti basi si zawadi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, nao unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi.

Juu ya kukatwa mshahara, Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 unasema makato yafanywe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au kwa mapatano ya pamoja, au kwa uamuzi wa usuluhishi. Wenzetu walioko Kenya wajue kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Tazameni neno hilo: makusudi. Mtu ambaye hakufundishwa kazi, akaharibu kwa kutojua, hakukusudia. Lakini aliyefundishwa akaficha doa, atajiteteaje?

Ndiyo maana tunasema ujuzi na haki huenda pamoja. Daftari la zizi linamlinda farasi, na linamlinda saisi. Kijana wetu bado yuko kazini mpaka leo. Daftari lao la kwanza alilinunua kwa fedha yake mwenyewe, na mara hii tulihakikisha kwamba alirudishiwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika zizi lenu, ni nani anayeambiwa kwanza doa la damu likionekana? Je, watu wanaogopa kusema? Kwa nini?
2. Je, kila farasi ana kitambaa chake? Kama sivyo, mtalipeleka vipi jambo hilo kwa uongozi?
3. Dawa za kufulia mnazopewa zina maandishi ya kueleza ni kitu gani? Nani kati yenu anaweza kuwasomea wengine?
4. Je, yuko mtu aliyekatwa mshahara kwa ajili ya kitu kilichoharibika? Leteni tarehe na kiasi katika mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu.