Ukimwita Liyongo, Uwe na Kazi ya Kumpa

Kwa watunzi wa mashairi huru wanaochota visasili na visakale.

USIMWITE mtu wa kale kwa sababu jina lake linapendeza. Nimesoma mashairi mengi ambamo Zeus, Sisyphus na Prometheus wamepangwa kama vikombe vya kabatini, visivyonywewa chai hata siku moja. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana, nilimsukumisha Sisyphus jiwe lake kwa beti tatu nzima. Mpaka leo sijui alikuja kutafuta nini mle.

HESABU majina, kisha yapunguze. Shairi la W. B. Yeats kuhusu Leda na batamaji, lililotoka 1924, lina mistari 14 tu, na mle mna mungu aliyejigeuza ndege, mwanamke aliyenajisiwa na mji ulioteketea. Ukiacha anwani, Leda hatajwi. Zeus hatajwi, wala Troy. Anatajwa Agamemnon peke yake, naye ameshakuwa maiti.

MSHUSHE mtaani. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Katika The Waste Land (1922), T. S. Eliot alimchukua Tiresias, yule mwaguzi kipofu wa Thebes aliyepata kuwa mwanamume na mwanamke pia, akamleta London jioni, kwenye chumba cha binti mpiga taipu. Binti karudi kazini, anaandaa chakula cha makopo; nguo zake za ndani zimeanikwa dirishani. Anaingia kijana karani, na linalotendeka baadaye halina mapenzi ndani yake. Tiresias, shahidi wa misiba ya wafalme, analitazama hilo nalo. Mara chumba kile cha kupanga kinakuwa na umri wa maelfu ya miaka, na ukale wote ule unanuka chakula cha kopo. Kama kisasili chako hakikubali kunuka hivyo, kirudishe ulikokitoa.

USITEGEMEE tanbihi. Eliot alizitia kwenye shairi hilo lilipochapwa kitabu, kwa kuwa peke yake lilikuwa fupi mno. Mwaka 1956 alikiri kwamba anajuta kuwatuma wasomaji kukimbizana na karata za Tarot na kikombe kitakatifu. Wewe huna hata kisingizio cha kurasa.

MSEMESHE aliyenyamazishwa. Orpheus ameimbwa karne na karne; mwaka 1917 mshairi wa Kimarekani H.D. akampa nafasi mke wa Orpheus, Eurydice, naye akamkabili mumewe kwa hasira: kilichokugeuza shingo ni nini, nami nilikuwa karibu kuiona nuru? Sasa njoo kwetu. Kila anayemgusa Fumo Liyongo, shujaa wa visakale vya Waswahili, anaandika kimo, misuli na mishale. Saada je? Yule kijakazi ndiye aliyebeba mkate wa wishwa hadi gerezani alikofungwa Liyongo, tupa imefichwa ndani. Askari walizoea kujilia vyakula vizuri vya mfungwa. Mkate huo wakaudharau. Mkate wenye chuma ndani ni mzito kuliko mkate, na aliyeubeba hana budi kutembea kama mtu aliyebeba kitu chepesi. Shairi limelala hapo miaka yote hiyo, nanyi mnapiga foleni kwenye misuli.

KIJUE kisa kizima kabla ya kukivunja. Anayemalizia kisa cha Liyongo kwenye sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe amesoma nusu. Liyongo aliamka na jeraha lake, akachukua upinde, akapiga goti karibu na kisima na kufia pale pale, mshale ukiwa tayari. Watu wakashindwa kuteka maji kwa kumwogopa maiti. Ukitaka kuandika juu ya watawala waliokwisha kufa wanaoendelea kutuzuilia maji, picha hiyo unayo, tena bure.

USIJIFICHE nyuma ya Kezilahabi. Ni kweli diwani yake Kichomi (1974) iliacha vina na mizani, na wanamapokeo wakawaka. Haikumruhusu mtu kuacha maana.

Na kabla hujatuma shairi lako kokote, futa majina yote ya kale, kisha lisome kwa sauti. Kama hakuna kilichopungua, usiyarudishe.