Mtoto Atolewapo Tonsili: Mambo Yawapasayo Wazazi Kuyajua

Mtoto wa miaka minne au mitano alalapo usiku hukoroma kama mtu mzima. Mara pumzi yake hukatika kwa kitambo, kisha hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Wazazi wengi wasikiapo hivyo hucheka na kusema kwamba mtoto amelala fofofo. Lakini usingizi huo si mzuri. Yamkini njia yake ya hewa imezibwa na tonsili zilizokua kupita kiasi, na mtoto asiyelala vizuri huamka amechoka, hukasirika upesi, hushindwa kusikiliza mafunzo shuleni, na pengine hata kimo chake hakiongezeki kama ipasavyo.

Tonsili ni vinyama viwili vilivyo nyuma ya kinywa, kimoja upande wa kuume na kimoja upande wa kushoto. Kazi yake ni kusaidia kuukinga mwili na vijidudu viingiavyo kwa kinywa na pua. Pengine walinzi hawa wenyewe hushikwa na ugonjwa: huvimba, hugeuka vyekundu, huwa na usaha, na mtoto hupata homa na kushindwa kumeza. Ndiyo maradhi yaitwayo mafindofindo.

Imewapasa wazazi wajue kwamba tonsili si kimeo. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati ya koo. Katika sehemu kadha wa kadha za Afrika ya Mashariki mtoto akikohoa sana hupelekwa kwa mkata kimeo, naye hukikata bila dawa ya kuzuia maumivu, na mara nyingi kwa chombo kisichosafishwa vizuri. Kukata kimeo hakuponyi kikohozi wala hakupunguzi tonsili, bali kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, pepopunda na hata kifo.

Wala si kila mtoto augaye koo yapasa apasuliwe. Wengi hupona wakuapo. Madaktari hufikiria kuzitoa tonsili ikiwa mtoto ameugua sana mara 7 kwa mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3; ama ikiwa pumzi yake hukatika usingizini. Tena, upasuaji haushiki mahali pa dawa. Mtoto akipewa penisilini kwa ajili ya koo, na aimalize yote hata kama homa imekwisha, kwa maana aina moja ya vijidudu vya koo isipotibiwa yaweza kuleta ugonjwa wa baridi yabisi unaoharibu vilango vya moyo.

Siku ya upasuaji ikikaribia, wazazi na wamweleze daktari mambo yote: kama katika jamaa yao kuna mtu atokwaye damu isiyokoma, kama mtoto ana mafua au homa, kama ana jino linalolegea, na dawa gani ametumia. Kisha na washike sana amri ya kufunga. Kwa kawaida mtoto hali chakula wala hanywi maziwa ya ng'ombe kwa muda wa saa sita kabla ya kupewa dawa ya usingizi, ila maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa mbili. Amri hii si ukatili. Tumbo likiwa na chakula, chaweza kupanda na kuingia mapafuni wakati mtoto hana fahamu. Bibi amhurumiaye mjukuu wake akampa uji kwa siri alfajiri, humtia katika hatari kubwa asiyoikusudia.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa kupitia kinywani, wala shingo haikatwi. Mtoto huwa amelala usingizi wa dawa, hasikii lolote, na kazi huchukua kadiri ya nusu saa au zaidi kidogo. Aamkapo hulia, na mate yake huweza kuwa na damu kidogo.

Nyumbani, jambo kubwa ni kunywa. Koo linauma, kwa hiyo mtoto hukataa, lakini koo likikauka maumivu huzidi. Na apewe maji kidogo kidogo mara nyingi, na uji uliopoa, maziwa, ndizi na viazi vilivyopondwa. Apewe parasetamoli kwa kipimo na saa alizoagiza daktari. Asipewe aspirini wala dawa yenye kodeini. Wazazi wasiogope wakiona utando mweupe kooni, au harufu mbaya kinywani, au mtoto akilalamika kwamba masikio yanauma. Hayo ni ya kawaida, na mara nyingi maumivu huongezeka baada ya siku chache kabla ya kupungua.

Lakini kuna jambo moja lisilongojea kesho, nalo ni damu. Damu yaweza kutoka siku ile ile, ama baadaye, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati ambapo wengi hudhani hatari imekwisha. Mtoto akitema damu nyekundu, akitapika kitu cheusi, au akimeza meza mate usiku hali amelala, na apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo akikataa kunywa kabisa, au asipokojoa kwa muda wa saa kumi na mbili. Kwa sababu hiyo wakaao mbali na hospitali ni vizuri wapate ndugu wa kukaa kwake mjini kwa majuma mawili, au wapatane mapema na mwenye gari.

Majuma mawili yakiisha, watoto wengi hurudi shuleni na kucheza. Na mama aliyezoea kuamka usiku kusikiliza kama mtoto wake anapumua, sasa aweza kulala naye.