Dawa ya Kuongeza Damu: Nani Apewe?



Msimu uliopita mwenzetu mmoja alipokwisha kulipwa pishi zake alishika njia ya dukani, kununua chupa ya dawa ya kuongeza damu kwa mwanawe wa miaka miwili. Tulimsihi apite kwanza kituo cha afya, na sababu ni hii.

Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma, na ayakosaye huchoka upesi. Lakini papa hapa Pemba watoto wasiotimia miaka mitatu walipewa chuma na foliki kila siku bila ya kuchaguliwa kwa kipimo cha damu. Mwaka 2003 ikabidi kusimamisha, kwani hatari ya kulazwa hospitali au kufa ilizidi kwa asilimia 12 kuliko kwa wasiopewa. Malaria wakati ule ilikuwa nyingi. Hata hivyo, katika kundi lililopimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, waliopungukiwa khasa walifaidika. Basi mtoto apimwe kwanza.

Mja mzito ni shauri jingine: vidonge apewavyo kliniki asiviache.

Ama sisi tutembeao peku mashambani, minyoo ya safura hutuingia nyayoni ikanyonya damu tumboni. Kumeza chuma nayo ingalimo ni kujaza mtungi uliotoboka. Tuvae viatu, tumeze dawa ya minyoo; tule dagaa, pweza, maini na kunde, na mchicha tuukamulie ndimu. Chai ingoje kiasi cha saa moja baada ya chakula, maana huzuia chuma (twajua hili litawaudhi wengi).

Na mwenye vidonge vya chuma nyumbani avifungie: mtoto mdogo akimeza vingi, humuua.