Njia za Ubongo na Mtoto Aliye Mzito wa Kusoma

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la Baiolojia litakalowafaa wanafunzi, walimu na wazazi pamoja. Nimechagua habari za ubongo, na hasa habari za mtoto mwenye akili timamu, asiye mvivu, ambaye hata hivyo husoma kwa taabu kubwa. Watoto wa namna hii hupatikana katika shule nyingi, na yetu haikukosa. Aghalabu huitwa wajinga. Nataka kuonyesha kwamba jina hilo si haki yao.

Kwanza yafaa tujue ubongo ni kitu gani. Ubongo wa mtu mzima una uzito upatao kilo 1.4, nao una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli moja peke yake haiwezi kazi kubwa. Kila seli hutoa nyuzi nyembamba, na kwa nyuzi hizo hupeleka habari kwa seli nyingine. Nyuzi nyingi zimevikwa ganda la mafuta liitwalo mayelini, mfano wa mpira unaovikwa waya wa umeme. Katika uzi usio na ganda, habari hupita kwa mwendo wa mita 1 hivi kwa sekunde. Katika uzi mnene wenye ganda zuri, mwendo waweza kufika mita 100 kwa sekunde.

Nyuzi hizo hukusanyika zikawa njia, na njia hukutana mahali penye shughuli nyingi. Mfano wake ni reli yetu ya kati ya zamani. Treni itokayo Dar es Salaam ikifika Tabora, reli hugawanyika, moja huenda Kigoma na nyingine Mwanza. Kituo kidogo kikifungwa, wataabikao ni watu wa hapo tu. Lakini Tabora ikiwa na kasoro, taabu hufika Kigoma na Mwanza pia. Ubongo nao una Tabora zake nyingi.

Sasa tuangalie kusoma. Kusema, mtoto hujifunza kwa kusikia watu wakisema. Lakini kusoma sharti afundishwe. Ubongo hulazimika kuunganisha sehemu za nyuma zionazo herufi, sehemu za upande wa kushoto zinazoshughulika na sauti za lugha, na sehemu zinazojua maana ya maneno. Mtu aliyezoea kusoma aonapo neno "kitabu", habari hupita njia hizo zote kabla sekunde moja haijatimia. Njia zikiwa nyembamba au zimeungana vibaya, herufi huonekana, lakini sauti yake huchelewa kuja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana huyo alikuwa hodari wa hesabu, na tarakimu alizisoma bila shida. Lakini maneno yalimshinda, ingawa alikuwa amefundishwa tangu akiwa na miaka 7. Hata jina lake mwenyewe aliweza kuliandika "Precy" asione kosa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angewashinda wenzake wote shuleni. Macho yake yalikuwa mazima. Shida ya namna hii siku hizi huitwa disleksia.

Mwaka 2001 wataalamu walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima wenye disleksia wa Uingereza, Ufaransa na Italia. Walipowasomesha maneno huku wakitazama kazi ya ubongo kwa mashine, waliona udhaifu wa namna moja katika upande wa kushoto wa ubongo kwa mataifa yote matatu. Hata hivyo Waitalia walisoma kwa makosa machache kuliko wenzao. Sababu yake ni kwamba Kiitalia husomwa karibu kama kilivyoandikwa, lakini Kiingereza hakifuati mwendo huo. Tazameni maneno "though", "through" na "tough": mwisho wake huandikwa namna moja, bali husomwa namna tatu.

Hapo pana funzo kwetu. Kiswahili nacho husomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto mwenye disleksia aweza kupita shule ya msingi akisoma Kiswahili polepole, lakini sawasawa, na hakuna amtambuaye. Akiingia Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote yakawa kwa Kiingereza, mara alama zake huanguka. Watu husema amelewa sifa za kufaulu, au ameingia katika makundi mabaya. Huenda hakubadilika hata kidogo. Mzigo wake ndio ulioongezeka.

Je, basi yupo mtaalamu awezaye kutuonyesha mahali pamoja palipoharibika katika ubongo wa mtoto wa namna hii? Hapana. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 479, ambao 337 kati yao walikuwa wameletwa kwa sababu ya shida za kujifunza. Wengine walikuwa na disleksia, wengine usonji, wengine shida ya kutulia na kuzingatia. Walipiga picha za bongo zao kwa mashine ya sumaku, wakatafuta kama kila shida ina mahali pake. Hawakuona hivyo. Watoto wenye jina moja la ugonjwa hawakuwa na ubongo wa namna moja. Jambo kubwa lililowatenganisha lilikuwa ni jinsi vile vituo vikuu, zile Tabora nilizozitaja, vilivyounganishwa na sehemu nyingine. Mtoto ambaye vituo vyake viliunganishwa vizuri alikuwa na shida katika jambo moja tu, au hakuwa na shida kabisa. Yule ambaye vituo vyake havikuunganishwa vizuri alitaabika katika mambo mengi.

Kwa hiyo jina la ugonjwa peke yake halimwambii mwalimu afanye nini. Sharti amwangalie mtoto mwenyewe: anashindwa kutenga sauti, au kukumbuka maagizo, au kutulia? Kila shida ina msaada wake.

Muhula uliopita mzazi mmoja alinijia ofisini. Yeye na mwanawe wameniruhusu nieleze habari hii bila majina. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu kijana nimtoe shule akajifunze ufundi? Karatasi zake zote ni sifuri."

Nikamjibu, "Mzee, ufundi ni kazi ya heshima, lakini asipelekwe huko kama adhabu. Nikimwuliza kwa mdomo habari za moyo na damu, hujibu kuliko wenzake. Tumjaribu kwanza kwa njia nyingine."

Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, huko Marekani, walichapisha habari za watoto wa miaka 8 hadi 10 waliokuwa wazito wa kusoma. Watoto hao walipewa mafunzo maalumu ya kusoma kwa saa 100, katika muda wa miezi sita hivi. Walipopigwa picha tena, njia za sehemu nyeupe ya ubongo, ambazo mwanzoni zilikuwa dhaifu, zilionekana kuwa imara zaidi, na kusoma kwao kukaendelea mbele. Saa 100 ni nusu saa kila siku kwa siku 200. Haba na haba hujaza kibaba.

Kijana wetu bado yupo. Kila jioni husoma nusu saa pamoja na mwenzake, neno kwa neno, kwa sauti. Bado ni mzito, lakini katika jaribio la mwisho alijibu maswali matatu kati ya matano, na yote matatu aliyapata.

Namaliza kwa maneno machache. Wazazi, mtoto akishindwa kusoma, mpelekeni kwanza apimwe macho na masikio. Yakiwa mazima, msiseme amelogwa wala msimpige. Ninyi walimu wenzangu, gaweni maneno marefu katika silabi, someni swali kwa sauti, na mwongezeeni muda mnapoweza. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu anaposimama kusoma mbele ya darasa. Akikwama, mngojeni. Kama mmoja wenu amejitambua katika somo hili, na aje kwangu chumba cha Baiolojia siku yoyote baada ya masomo, tuanze.