KAMERA YA BETRI KWENYE MITA YA MAJI
Somo kwa kamati za matawi



Katika kambi nyingi za mashamba ya chai na ya miwa, na katika nyumba nyingi za viwanda, maji huja kwa bomba moja, hupita katika mita moja, kisha hugawanyika kwenda vyumba vingi. Mwisho wa mwezi huja bili moja. Bili hiyo hugawanywa kwa idadi ya vyumba, na kila mmoja hukatwa fungu lake katika mshahara. Lakini anayelipa haioni mita. Mita imo ndani ya shimo lenye mfuniko, au nyuma ya ukuta wa stoo, nayo husomwa mara moja tu kwa mwezi. Katikati hapo zipo siku 30 ambazo hakuna ajuaye maji yalikwenda wapi.

Somo letu la leo ni jinsi kamati ya tawi inavyoweza kuweka kamera ndogo ya betri ipige picha ya mita kila saa, usiku na mchana, na jinsi ya kuzisoma picha hizo. Tumechagua maji badala ya umeme kwa sababu mbili. Kwanza, mita za umeme za kulipia kabla zimeenea sana Uganda, Kenya na Tanzania, na mwenye chumba chenye mita yake huweza kuisoma kwa kubonyeza vitufe. Pili, mita ya maji mara nyingi iko mbali na waya wa umeme, na kwa hiyo kamera ya kuilinda haina budi kujitegemea kwa betri.

1. Kuisoma mita

Kabla ya kununua chochote, wanakamati wote wajifunze kusoma mita. Mita nyingi za majumbani zina tarakimu nyeusi na tarakimu nyekundu. Nyeusi ni meta za ujazo, ambazo wengi wetu tunaziita yuniti. Yuniti moja ni lita 1,000. Nyekundu ni sehemu za yuniti: ya kwanza ni mamia ya lita, ya pili ni makumi, ya tatu ni lita moja moja. Mita nyingine huonyesha baadhi ya sehemu hizo kwa mishale midogo badala ya tarakimu. Aidha, nyingi zina kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota. Hicho huzunguka hata maji yapitayo yakiwa machache.

Bili hutazama tarakimu nyeusi. Sisi tunazihitaji zaidi zile nyekundu, maana mvujo hujulikana kwa lita.

2. Kwa nini usiku

Mchana watu wanafua, wanapika, wanaoga. Mita ikizunguka mchana haituambii neno. Lakini baina ya saa 8 na saa 10 usiku kambi imelala. Maji yapitayo saa hizo, ama kuna anayeyatumia, ama yanapotea. Mafundi wa mamlaka za maji duniani hutumia njia hii hii kutafuta mvujo wa mtaa mzima: hupima maji yapitayo usiku wa manane.

Tutoe mfano wa hesabu. Picha ya saa 8 usiku inaonyesha 4172 nyeusi na 386 nyekundu. Picha ya saa 10 usiku inaonyesha 4172 na 446. Tofauti ni lita 60 kwa saa 2, yaani lita 30 kwa saa. Mvujo haulali mchana, basi tuzidishe kwa saa 24: ni lita 720 kwa siku. Tuzidishe kwa siku 30: ni lita 21,600, yaani yuniti 21 na sehemu 6 za kumi.

Tuseme kambi hiyo ina vyumba 36, na bili ya mwezi ni yuniti 108. Kila chumba kinalipia yuniti 3. Katika yuniti 108, zile 21 na ushei ni sehemu moja ya tano. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 anayokatwa mfanyakazi kwa ajili ya maji, shilingi 20 zinalipia maji yaliyokunywewa na ardhi. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Hata hivyo kamati isifanye haraka. Penye tangi lenye boya, tangi linaweza kujaa usiku na mita ikazunguka bila mvujo wowote. Penye zamu ya usiku, wako wanaotoka kazini na kuoga. Kwa hiyo picha za usiku mmoja hazitoshi. Chukueni usiku 7 mfululizo, na katika kila usiku tafuteni saa ambayo maji machache kabisa yalipita. Mtu anayeoga humaliza akalala, na tangi hujaa likanyamaza. Ikiwa katika saa zote za usiku wote 7 mita haikusimama hata mara moja, hapo mna hoja.

3. Kuchagua kamera

Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kamera ya porini, ile ambayo watu wa hifadhi hufunga mtini kupiga picha za wanyama. Hutumia betri za kawaida na huhifadhi picha katika kadi. Tafuteni ile yenye mpango wa kupiga picha kila baada ya muda fulani, siyo mpaka kitu kipite mbele yake. Ubaya wake ni kwamba nyingi zimetengenezwa kutazama mbali kidogo. Zikisogezwa karibu sana na mita, tarakimu hufifia kama zinaonekana kupitia ukungu. Jaribuni kwanza kwa umbali mbalimbali.

Ya pili ni kibodi kidogo cha kamera kiitwacho ESP32-CAM, kinachojulikana na mafundi wengi wa redio na simu mijini. Ni cha bei nafuu, huhifadhi picha katika kadi, na lenzi yake huweza kuzungushwa polepole mpaka ione vizuri kitu kilicho karibu. Ubaya wake ni kwamba kinahitaji fundi wa kukiandikia programu na kukitengenezea sanduku. Tawi lenye kijana wa namna hiyo lisimwache akae bure.

4. Betri huliwa na nini

Hapa wengi hushangaa, kwa hiyo tufuatane kwa makini.

Tuseme kibodi kile, kikiamka na kuwasha taa yake, kinakula miliampea 300 kwa sekunde 10. Hesabu yake ni chini kidogo ya miliampea-saa 1 kwa picha. Picha 24 kwa siku ni kama miliampea-saa 20. Betri ya lithiamu yenye miliampea-saa 2,500 ingepaswa kutosha siku 125, yaani miezi minne.

Lakini haifiki huko, maana kibodi hicho hakilali kabisa. Hata katika usingizi wake mzito, watengenezaji wenyewe wanataja miliampea 6. Zidisha 6 kwa saa 24: ni 144 kwa siku. Usingizi unakula mara saba kuliko kazi! Jumla ni 164 kwa siku, na betri ile ile itakwisha baada ya siku kama 15. Kwa kweli itakwisha mapema zaidi, kwa kuwa nguvu nyingine hupotea katika kupandisha volti za betri zifikie zile ambazo kibodi kinataka.

Dawa yake ni kifaa cha saa kinachokata umeme kabisa baina ya picha na picha, kama kile kiitwacho TPL5110, ambacho chenyewe hakili karibu chochote. Mwambieni fundi jambo moja zaidi: umeme ukikatwa, kibodi huanza upya na kusahau kilipofikia. Ahakikishe kila picha inapata namba mpya, ama sivyo picha ya leo itaifuta ya jana.

Bila shaka ndugu msomaji umeona kwamba hesabu ya betri na hesabu ya bomba ni moja. Kidogo kisichokoma hushinda kingi kinachopita. Si yule anayefua mablanketi Jumapili anayemaliza maji ya kambi. Ni lile tone ambalo hakuna anayelisikia.

5. Kuifunga mahali pake

Mita isiguswe. Msivunje sili, msifunge waya wala gundi juu ya kioo, msifungue hata skrubu moja. Mita ni mali ya mwenye maji, na kuichezea ni kosa ambalo litageuzwa silaha dhidi yenu. Kamera ikae juu ya kigingi au kibao chake chenyewe, imetengana na mita.

Taa isipige kioo moja kwa moja, kwa sababu mng'ao utafunika tarakimu. Imulike kutoka upande. Kamera nyingi za porini hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na picha zake za usiku huwa nyeusi na nyeupe. Chini ya mwanga huo rangi nyekundu inaweza kufifia sana, nazo nyekundu ndizo tunazozitafuta. Basi jaribuni usiku, msiridhike na picha nzuri ya mchana.

Shimo la mita lina unyevu. Sanduku la kamera lifungwe vizuri, na ndani yake tieni kifuko cha chembe za kukausha kama zile zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Betri ya lithiamu isiachwe juani, isitobolewe, na iwe na kinga yake ya kuzuia kuchajiwa kupita kiasi. Betri iliyovimba itolewe mara moja.

Mwisho, wekeni kando ya mita saa ya mkono ya bei rahisi inayoonyesha tarehe, ili ionekane ndani ya kila picha. Saa ya ndani ya kamera hupotea betri ikibadilishwa. Saa inayoonekana kwa macho haihitaji mtaalamu wa kuielezea. Namba ya mita nayo ionekane, asije mtu akasema hiyo ni mita ya kwingine.

6. Kamera itazame mita tu

Penye mita mara nyingi pana bomba, na penye bomba kuna akina mama na watoto wanaochota na kuoga. Kamera isimwone mtu. Sanduku lifunikwe pande zote mpaka kisionekane kitu ila uso wa mita. Wakazi waelezwe mkutanoni kabla haijawekwa, na anayetaka kuona picha aonyeshwe. Chama kinachopinga mwajiri kuwachunguza wafanyakazi hakiwezi kuwachunguza chenyewe.

Mwajiri naye aarifiwe kwa barua. Bora zaidi, aalikwe. Kamera iliyowekwa kwa siri huleta ugomvi juu ya kamera, na mvujo husahaulika. Ile iliyowekwa kwa makubaliano huleta mazungumzo juu ya mvujo.

7. Daftari na meza ya mazungumzo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila wiki mtu wawili, mmoja wa kamati na mmoja wa upande wa mwajiri, watoe kadi, wasome picha za saa 8 na saa 10 za kila usiku, waandike tarakimu katika daftari na kutia sahihi. Picha zenyewe zisirekebishwe wala kufutwa.

Mkishaona dalili ya mvujo, fanyeni jaribio mchana mbele ya pande zote. Fungeni bomba za vyumba vyote na za tangi. Mita ikizidi kuzunguka, kuna pa kuvuja. Kisha fungeni koki iliyo karibu zaidi na mita, upande wa kambi. Mita ikisimama, mvujo uko mbele ya koki hiyo. Endeleeni hivyo koki kwa koki mpaka mpapate.

Hapo ndipo linapokuja swali la nani alipe. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema katika kifungu cha 8 kwamba makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na makubaliano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Na kwamba wafanyakazi waarifiwe masharti hayo na kiasi hicho. Basi angalieni makubaliano yenu yanasema nini juu ya maji. Yakiwa kimya, pelekeni mapendekezo haya: kwamba mita isomwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, kwamba maji yaliyovuja katika bomba zilizo nje ya vyumba yasigawiwe wapangaji, na kwamba mvujo ukiripotiwa kwa maandishi, utengenezwe katika siku zitakazotajwa.

Kamera haitatengeneza bomba, wala haitamlazimisha mtu kulipa. Kazi yake ni kuondoa maneno "tunadhani" katika kinywa cha mwakilishi wetu, na kuweka mahali pake tarakimu ambazo pande zote mbili zimezitia sahihi.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Mita ya kambi yenu iko wapi, na nani aliisoma mara ya mwisho?
2. Mita ilionyesha 2950 nyeusi na 810 nyekundu saa 8 usiku, na 2950 na 834 saa 10 usiku. Ikiwa huo ni mvujo, ni lita ngapi kwa mwezi wa siku 30?
3. Makubaliano yenu ya pamoja yanasema nini juu ya makato ya maji?
4. Kamera inayokula miliampea 2 wakati wa kulala na miliampea-saa 12 kwa siku wakati wa kazi itadumu siku ngapi kwa betri ya miliampea-saa 2,400?

Majibu ya hesabu: swali la 2 ni lita 8,640, swali la 4 ni siku 40.