SOMO LA BUSTANI: MAUA YA LILI KWA MEZA YA BWANA



Akina mama wanaopamba kanisa wanaijua taabu hii: ua la lili likiguswa, unga wake hudondoka juu ya kitambaa cheupe, na doa lake halitoki upesi. Ipo aina isiyo na taabu hiyo, nayo ni lili ya Asia yenye ua la tabaka mbili. Lakini kabla hatujatoa fedha za mtaa, tujifunze mambo manne.

1. Umbo lake. Lili ya kawaida ina petali 6 na stameni 6 zenye unga. Katika lili hii stameni zimegeuka kuwa petali. Kwa hiyo mara nyingi haina unga wala mbegu. Huongezwa kwa magamba ya kitunguu chake. Iitwayo Fata Morgana ni ya njano. Red Twin ni nyekundu.

2. Tabia yake. Kitunguu chake huhitaji baridi ndipo kitoe ua, na baridi hiyo haipo Musoma, Bunda wala Butiama. Kitokacho Uholanzi kimekwisha kuwekwa baridini, hivyo mwaka wa kwanza huchanua vizuri. Mwaka wa pili huweza kutoa majani matupu, na mwenye bustani hudhani amekosea. Majani yakikauka, chimba vitunguu, vifukie katika unga wa mbao wenye unyevu kidogo, uviweke ndani ya friji, visigande, kwa majuma 6 hadi 8, mbali na matunda yaliyoiva.

3. Kupanda. Fukia sentimita 15. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji na kuozesha vitunguu. Inua tuta, tia mchanga na samadi iliyooza. Tandaza nyasi juu.

4. Kukata. Kata asubuhi, tumba la kwanza likionyesha rangi. Acha theluthi ya shina na majani yake, maana ndiyo yanayolisha kitunguu. Paka wasilitafune, ni sumu kwao.

Asiye na friji asihuzunike. Gloriosa superba, ua letu la porini lenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu, huchanua bila kununuliwa. Ila kiazi chake ni sumu kali, watoto wafundishwe. Soma Mathayo 6:28-30: Bwana aliwaonyesha watu maua yaliyokuwa karibu nao.

Maswali
1. Kwa nini lili huchanua mwaka wa kwanza, kisha hukataa?
2. Je, mtaa wetu ununue vitunguu, au tupambe kwa maua ya kwetu?