LIJUE TAYA LA CHINI KABLA YA KUPANDIKIZA JINO

Wengi waliong'oa magego sasa huulizia jino la kupandikiza, yaani skrubu ya titaniamu inayozamishwa ndani ya mfupa na kuvishwa jino la bandia juu yake. Mgonjwa wa kwanza wa Profesa Brånemark wa Uswidi, mwaka 1965, aliwekewa katika taya la chini. Tiba hii ni nzuri, lakini taya hilo lataka tahadhari tatu.

Kwanza, mfereji. Chini ya mizizi ya magego, kila upande, hupita mfereji wenye mshipa wa fahamu na mishipa ya damu. Mshipa wa fahamu hutokeza kwa tundu dogo karibu na magego ya mbele, ukaupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Keekee ikiujeruhi, mdomo hufa ganzi, pengine maisha. Mtu akisukutua wakati wa kutia udhu, maji humtiririka kidevuni asijue. Ndiyo maana madaktari huacha angalau milimita 2 za mfupa juu ya mfereji.

Pili, mfupa hupungua. Jino likishang'olewa, ukingo wa taya huliwa, hasa mwaka wa kwanza, na mfereji huwa karibu zaidi na ufizi.

Tatu, upande wa ulimi. Hapo mfupa umebonyea, na mishipa ya damu iko jirani. Keekee ikitoboa huko, damu huvuja ndani kwa ndani, ulimi ukanyanyuka na njia ya pumzi ikaziba, hata saa kadhaa baadaye. Mkaazi wa Kisiwa Panza azingatie hili: kutoka kwake hadi Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ni chombo mpaka Chokocho, kisha gari. Asivuke kurudi siku hiyo hiyo. Alale kwa jamaa walio karibu na hospitali.

Muulize daktari kama amepima urefu na upana wa mfupa kwa picha. Mweleze ukiwa na kisukari, ukivuta sigara, au ukitumia dawa za mifupa au za kuzuia damu kuganda. Ganzi ikiwa bado ipo siku ya pili, rudi upesi, usingoje wiki.

Na mwenye meno yake ayapigie mswaki kila siku, kwani la kupandikiza halilishindi la asili.